Chapa Nyingine

Miaka tisa nilikuwa mtu wa chapa moja,
nikiitetea kazini kama timu.
Leo, duka la Barabara ya Barton, Hamilton,
nimeiasi kwa dola mia saba na kodi.
"Utazoea," kasema muuzaji, akifagia theluji mlangoni.

Vidole havikumsikia.
Kidole gumba bado kinatafuta kitufe kilichohama.

Ile kuukuu ilikuwa imefutika herufi R,
bawaba ikilia,
lakini nilishaifunza.
Nikiandika Mwanatumu, ilinyamaza.

Hii, usiku wa manane, barua kwa dada:
mstari mwekundu chini ya jina lake,
chini ya hujambo,
chini ya theluji yote niliyomsimulia.

Nabofya: ongeza kwenye kamusi.
Ongeza.
Ongeza.
Haya basi, mgeni, tuanze na salamu.