Pima Maji

Mafundi hukiita pima maji
kijiti kile cha manjano
chenye tone la kijani ndani ya kioo
na povu linalotafuta katikati.
Halijawahi kupima maji hata siku moja.
Lilipima mbao, na majivuno yetu.

Tulikuja wanane, wanafunzi,
kutoka nchi tambarare iliyolala chini ya bahari,
ambako maji hufukuzwa kwa pampu usiku na mchana
na kila mtu hulipa kodi ya kuyafukuza.
Tulipanda saa tano kwa miguu hadi Ramchelung,
kijiji kilichong'ang'ania ubavu wa mlima wa Nepali
kama kupe.
Jorrit alitapika mara mbili njiani.
Femke alikumbatia michoro ndani ya bomba la plastiki:
isilowe, alisema, isilowe,
nasi tumekuja kukinga mvua.

Tetemeko lilipopita, tuliambiwa,
chemchemi ya juu ilifumba mdomo.
Iliyobaki iko bondeni, vidato mia sita na arobaini.
Nilivihesabu kushuka. Kupanda, hesabu ilinitoka pamoja na pumzi.
Phulmaya alinipita hapo,
mtungi wa shaba ndani ya tenga mgongoni,
ukanda wa tenga umekaza utosini,
na pale ukanda unapokaa
nywele zimekata tamaa ya kuota.

Mchanga tuliubeba na wanaume waliobaki,
yaani wazee wawili, na Buddhiman mwenye kuchechemea.
Wengine wako Katari,
wanajenga hoteli zenye mabwawa ya kuogelea.

Siku ya tisa mchirizi ukakaa chini ya bati.
Zamu ilikuwa yangu.
Nikaweka pima maji, povu likatulia katikati,
katikati kabisa, nikaita wenzangu waje waone.
Tukapiga makofi.

Phulmaya akamnyang'anya mjukuu wake gololi,
akapanda ngazi,
akaiweka ndani ya mchirizi.
Gololi ikakaa.
Akaisukuma kwa kidole. Ikaenda shubiri moja, ikakaa.

Mchoro ulisema inamisha. Mkono wangu
ulisikiliza kwetu, ambako kilicho sawa ndicho kizuri.

Hakusema neno la hekima.
Alicheka mpaka akashuka ngazi kwa matako,
akacheka akiwa chini, ameshika mbavu,
na watoto wakapokea, na Femke, na mwisho mimi,
huku nikifungua misumari ishirini na miwili
mmoja baada ya mwingine.

Mvua ilinyesha usiku wetu wa mwisho.
Maji ya kwanza tuliyamwaga,
yana vumbi la mwaka mzima na mavi ya njiwa.
Ya pili yaliingia tangini yakinguruma
kama mtu anayejifunza kusema ndani ya chumba kitupu.
Phulmaya alitoka na kurunzi, bila mwavuli,
akabandika sikio kwenye saruji,
akasimama hivyo kwa muda mrefu.

Asubuhi tukamwona anashuka bondeni na mtungi.
Tulitazamana. Jorrit alikasirika hasa.
Buddhiman akatwambia, huku anafunga kiatu:
dada yake ameolewa kijiji cha ng'ambo,
huonana hapo chemchemini.
Hilo halikuwa kwenye mchoro.

Sasa niko kwetu na mvua inanyesha tangu Jumanne,
inashuka paani, inaingia mferejini,
pampu inaitupa baharini.
Hakuna anayeisikiliza.
Mfukoni mwangu mna gololi ya buluu
niliyopewa na mtoto, au niliyoiba, sikumbuki vizuri.
Naiweka juu ya meza.
Inabiringika.
Miaka yote hii sikujua
kwamba sakafu ya nyumba yetu imeinama.