Thelathini na Mmoja

Imefika kwa treni, ndani ya bahasha ya kaki,
kurasa kumi na nne, pini imeshika kutu.
Redio iliitangulia wiki nzima:
dagaa wa Kigoma, mjamzito akila kila siku,
mtoto huzaliwa na uzito wa kutosha.

Nasoma usiku. Zamu imetulia,
wodi ya Ujiji inakoroma kwa sauti tatu.
Sianzii kwenye kichwa, kichwa ni cha kuuzia.
Naanzia kwenye majedwali,
kama mnunuzi wa samaki anavyofunua matamvua.

Gramu sitini, wanasema. Tofauti ni gramu sitini.
Yai moja la kuku wa kisasa.
Na mizani yetu naijua, ile ya kuning'iniza:
mshale wake haukuikubali sifuri,
tuliugonga kwa ukucha, tukasema bismillahi, tukaandika.

Halafu, nani hula dagaa kila siku?
Mke wa mwenye nyavu na taa,
mwenye nyumba ya bati na choo cha saruji,
anayelala ndani ya chandarua kisicho na tundu.
Mtoto kanenepeshwa na dagaa, au na bati?
Jedwali halikuuliza.
Mimi niliuliza nililoandikiwa:
"Wiki iliyopita, mara ngapi?"
Mwamini akaitazama kalamu yangu, akatabasamu.
"Saba."
Aliona nataka saba.

Ukurasa wa tano, chini kabisa, herufi za sisimizi:
waliandikishwa mia mbili na kumi na wawili,
wakachambuliwa mia moja themanini na mmoja.
Waliobaki *walipotea katika ufuatiliaji.*

Walipotea.
Kana kwamba Mwamgongo imehama usiku.
Nyabenda hakupotea, alikosa nauli ya boti,
akajifungulia kwenye kokoto, shuka likiwa limeshikwa na wakwe.
Mama wa pacha alirudi kwao Kagunga
na Butoyi peke yake; Bukuru alibaki huku, mchangani.
Na Mwamini, yule wa saba,
mwanawe aliishi siku nne.
Nilikwenda msibani, nikakaa mkekani na wenzangu,
kesho yake nikajaza fomu: *hakurudi.*
Mwandiko ule ni wangu.

Sisemi karatasi ni ya uongo.
Karatasi kama hii ndiyo iliyotufundisha
kumfunga mtoto njiti kifuani kwa mamaye, ngozi kwa ngozi,
na njiti wangu wawili sasa wako darasa la pili,
wanapigana kwa ajili ya kifutio.
Ila waliopimwa ni waliofika kupimwa.

Asubuhi Tausi wa Kibirizi, mimba ya kwanza, miezi saba:
"Sista, kweli nile kila siku?
Maana sado imepanda bei tangu redio iseme."
Namwambia, kula ukipata, ni chakula kizuri,
bibi yako alijua hilo bila gramu.
Lakini mtoto akija mdogo
asitokee mtu akakwambia ulimnyima.
Anacheka, anaikunja kadi yake, anaiweka kifuani.

Akishatoka nachukua penseli.
Pembeni mwa ukurasa wa tano naandika majina,
thelathini na mmoja.
Nimefika kumi na tisa.
Huyu wa ishirini alivaa kitenge cha kijani,
alikuwa akitekenyeka kila nikimpima tumbo,
akasema nisubiri kwanza,
nisubiri kidogo, amalize kucheka.