Kiti cha Nyuma

Gereji ya Ndahani, Kizota, saa mbili asubuhi.
Dude limeegemea stendi kama fahali anayecheua:
injini ya sisi elfu na mia, masanduku mawili ya bati,
kioo kina ufa ulioanzia huko Mtera.

"Halijawahi kuanguka," anasema.
Napapasa ncha ya mkono wa klachi: imesagika upande mmoja.
Lami haina siri.

Oili nyeusi tii. Mnyororo umelegea.
Ila likiwashwa linaguna chinichini,
bila papara,
kama mtu anayejua Kigoma ilivyo mbali.

Perusi aliniambia: mgongo wangu si gunia.
Basi sianzi kwa usukani.
Napanda kiti cha nyuma, naweka miguu,
natazama mabega ya dereva ambaye sijawa.

Ndahani anacheka. Namwambia asubiri,
bado sijafika Kintinku.