Gramu Mia Nne

Mizani ya ukumbi wa Zestaponi haijui utani.
Saa kumi na mbili asubuhi, miguu mitupu, soksi mkononi,
mshale ulitetemeka, ukatulia:
kilo arobaini na nne, na gramu mia nne za ziada.

Mia nne. Uzito wa mkate mdogo.
Bibi Tsiala aliuoka usiku ule, wa jibini,
nami nililala nimeugeukia ukuta
nisisikie harufu yake.

Nikavaa makoti mawili, na juu yake la baba la kiwandani,
nikaruka kamba bafuni, maji ya moto yakimwagika bure,
nikitema mate kwenye chupa ya limonadi
mpaka ulimi ukawa gamba.
Tekla aliketi nje ya mlango akinihesabia,
Tekla ambaye saa nne tungekabana.

Miaka saba tulikuwa tukianguka pamoja.
Mwaka wa kwanza hatukuruhusiwa kumwangusha mtu,
kuanguka tu: kidevu kifuani, kiganja kipige mkeka,
paa, paa, kama wanaokung'uta mazulia.
Watu husema aliye juu mngoje chini.
Kocha Vazha alisema: usingoje.
Shika mkono wa koti, geuka, mlete.

Mengine nilijifunza mwenyewe.
Kufunga vidole plasta kwa meno.
Kulia ndani ya taulo, mabega yasitikisike.
Kwamba baba, ukishinda, huwasha redio ya gari,
na ukishindwa huendesha kimya hadi nyumbani.

Ila hakuna aliyenifundisha mwili unapokua.
Nyonga zilikuja bila hodi.
Damu ilikuja Kutaisi, asubuhi ya robo fainali,
kwenye suruali nyeupe.
Tekla akanifunga koti lake kiunoni,
akanikimbiza chooni, akanitafutia suruali nyingine,
na dakika ishirini baadaye akaniangusha.
Ipponi safi.
Mpaka leo sijui nianze kumshukuru au kumnunia.

Nikarudi kwenye mizani. Gramu hamsini.
Kocha akatoa mkasi mfukoni,
akatazama nywele zangu,
hizi ambazo mama, kila Jumapili, kwa simu kutoka Ugiriki
anakowaogesha wazee wa watu,
huuliza zimefika wapi.

Nikasema hapana.
Neno jepesi, mshale haukusogea.
Kocha akaurudisha mkasi, asiseme kitu,
akaandika jina langu upande wa arobaini na nane.

Walikuwa wakubwa, wenye shingo.
Nilianguka mara mbili kabla ya saa tano,
vizuri, kidevu kifuani.
Kisha nikaketi ngazini na Tekla na shaba yake,
tukaumega mkate wa bibi uliokwisha poa,
mafuta yakituchuruzika hadi kwenye viwiko.

Njiani baba hakuigusa redio.
Nikaiwasha mimi.