Farasi Waliopungua

Aberdare, Jumamosi, mvua ya rasharasha.
Subaru imefungwa mikanda minne
kama ng'ombe wa kuchinjwa,
magurudumu juu ya rola.

Bronwen avaa viziba masikio, akanyaga.
Gia ya nne. Tabo yapiga mluzi,
ekzosi yatema moto wa buluu,
bati la gereji latetemeka hadi misumarini.
Maili mia na thelathini kwa saa
na hatujasogea hata hatua.

Baani Emrys alituapia: mia tatu na arobaini!
Tabo kubwa, intakula mpya,
mkopo niliomdhamini mimi.
Karatasi yatoka: mia mbili themanini na saba.

"Rudia."
Themanini na nne.

Njia ya mwongo ni fupi, husemwa;
hii haina hata urefu.

Farasi hamsini na watatu wamekwenda wapi?
"Joto," asema Bronwen. "Giaboksi.
Wengine uliwaacha baani."

Emrys akunja karatasi, aitia mfukoni kama barua.
Babu yake alikuwa na mmoja tu,
kipofu, akivuta makaa chini ya kilima hiki.
Mabosi walipima makaa.
Yeye hakuna aliyempima.