Vipimo vya Mkono wa Rayya

Aliweka kiganja juu ya karatasi ya mkate
akasema: Fundi, pete ninayo,
kidole ndicho kilichopungua.
Nikazungusha penseli taratibu
pembeni mwa vidole vinne na nusu.
Nusu nyingine ilibaki Samail, mlangoni mwa gari,
mwaka alioacha kupiga.

Mimi ni fundi wa makabati. Ibra nzima wananijua
kwa droo zisizokwama na vitanda visivyolia.
Magita nimetengeneza matatu,
na la kwanza mke wangu anawekea vitunguu.
Hilo sikumwambia.

Usiku nilichora, nikafuta zaidi ya nilivyochora.
Shingo: milimita arubaini na nane.
Nikaweka kiganja changu juu ya kile cha penseli,
nikafuta. Arubaini na sita.

Mgongo na mbavu ni mkunazi
ulioangushwa na mafuriko ya wadi
shambani kwa shemeji yangu Mattar.
Miaka sita umelala stoo
juu ya matairi mabovu ya jirani.
Mti huu majani yake tunaoshea nywele,
tunaoshea na maiti.
Haukuzoea kuombwa kitu kingine.

Nikaupinda kwenye bomba la moto,
maji yakichemka chini ya ubao, tss,
ubavu wa kwanza ukakatika.
Wa pili ukakatika.
Wa tatu nikaubembeleza kama mtoto anayekataa dawa,
ukakubali kuwa na kiuno.

Uso ni msonobari, umekuja kwa posta
kutoka nchi ya theluji, mwepesi kama kaki,
mgeni asiyelijua jua la mwezi wa sita.
Kwa ndani nikabandika mataruma saba,
nikayapunguza, nikayapunguza tena, mpaka nikaogopa,
nikaugonga kwa kifundo cha kidole
(hodi)
nikatega sikio la kulia. La kushoto
lilikwenda na mashine ya randa, zamani, Wadi Kabir.

Kisha umeme ukakatika, usiku wa kuamkia Ijumaa.
Kiyoyozi kikanyamaza. Sponji niliyoiloweka
ndani ya kisahani cha sabuni ikawa biskuti.
Asubuhi uso una ufa, unywele mmoja,
kutoka tundu la sauti hadi ukingoni.

Nikampigia simu. Yuko zamu, wodi ya figo,
mashine nyuma yake zinalia pii, pii.
Nikasema: Bibie, naanza upya,
mwezi mmoja, bei ile ile.
Kimya. Halafu: Huo ufa unazuia sauti?
Ukizibwa vizuri, hauzuii.
Basi ziba, akasema. Hata mimi nimeshonwa.

Nikaziba. Viraka vitano vya mkunazi,
kila kimoja kama ukucha wa kidole kidogo,
na hakuna atakayeviona
ila akiingiza kioo cha daktari wa meno.

Alikuja Jumamosi na mama yake
na chupa ya kahawa na halwa ya kwao.
Akakaa kwenye kiti cha plastiki, akakaza nyuzi,
moja, moja.
Kidole kifupi kikatafuta, kikapitiliza, kikarudi,
kikafika.

Sikusikia vizuri. Nje jirani alikuwa anafungua nati za lori.
Nikamwomba alilaze gita juu ya benchi,
nikainama, nikaweka taya juu ya ubao,
macho nimefumba, kama ng'ombe anayelamba chumvi.
Mama yake akacheka, akajiziba mdomo kwa shela.
Rayya akagusa uzi mnene.

Mlio ukapanda kwa meno.
Ukazunguka fuvu kama mtu anayetafuta swichi gizani,
ukaingia sikio la kushoto kwa mlango wa nyuma,
ndani ya vumbi la miaka kumi na tisa.

Tena, nikasema.
Fundi, kahawa inapoa.
Tena.