Aya ya Arobaini na Saba

Jina langu limekuwa kesi.
Nasipwondi dhidi ya Wamocha na Wengine Wawili:
wameliandika kwa herufi za mlazo,
limelala ubavu kama mgonjwa anayesikiliza nje.
Wepukhulu, mjukuu wangu anayesomea sheria,
aliingia bila hodi: Kukhu, unanukuliwa!
Nanukuliwa wapi, nikamuuliza,
na kuku wangu hawajala?

Akatoa karatasi alizopigisha chapa mjini Bungoma,
shilingi kumi kila ukurasa,
akanisomea uchambuzi wa wakili msomi
aliyesema hukumu ile ya Kisumu
imepanua mipaka ya haki za mjane.
Nilicheka hadi nikashika mlango.
Mipaka ipi, mwanangu?
Wangu uko pale pale ulipong'olewa,
safu ya mikonge imelazwa mtaroni
na mahindi ya Wamocha yamevuka,
yametoa mbelewele
juu ya miaka yangu kumi na minne.

Kumbe huko mijini wanaigombania aya ya arobaini na saba.
Mmoja ameandika kwamba majaji walikwenda mbali mno.
Mwingine amemjibu kwamba hawakufika.
Mimi nilikuwepo.
Walifika saa tano kasoro kumi,
wa katikati akipiga chafya kwa ajili ya feni,
nami nimeketi benchi la nyuma
na viatu vya Khaoya, vinavyobana,
usiku mzima sijalala, nimekesha stendi
nikiukumbatia mfuko wa risiti za marehemu.
Waliposema rufaa imekubaliwa
sikujua ni mimi niliyekubaliwa
au ni wao waliokubaliana,
mpaka mkalimani, mama mmoja wa suti ya kijani,
aliponigusa kiwiko
akasema neno moja tu, kwa lugha ya kwetu.
Hilo halimo katika kurasa thelathini na nane.
Nimelitafuta.

Ndiyo, nimelitafuta. Kwa macho yangu.
Maana ukurasa wa pili wa uchambuzi
unasema mrufani ni ajuza asiyejua kusoma.
Lete penseli, nikamwambia Wepukhulu.
Nilimaliza darasa la saba, mwaka wa nzige,
na Zaburi naisoma bila miwani.
Niliweka dole gumba siku ile
kwa sababu kalamu ya karani ilikauka,
na karani alikuwa na njaa, na foleni ilikuwa ndefu.
Nikayaandika hayo pembeni, polepole,
herufi zangu zimesimama wima.
Wepukhulu akaniambia kwamba pembeni si mahali pa ushahidi.
Basi na pawe mahali pangu.

Mpima ardhi alisema Alhamisi.
Hakusema ya mwezi gani.
Kwanza gari halina mafuta,
kisha amri haina muhuri,
kisha muhuri upo, aliyenao ameenda mazishini.
Wamocha hupita na baiskeli yake, ananiamkia vizuri,
hata aliniuliza mguu unaendeleaje.

Juzi akaja mwanamke mgeni kutoka Luanda,
Berita Amugune, mjane wa mwaka wa tatu,
na kilo mbili za sukari na karatasi iliyokunjwa mara nne,
jina langu limepigiwa mstari mwekundu.
Kwa aya ile ile, akaniambia, nimerudishiwa shamba
kwa majuma mawili.
Majuma mawili!
Nilitazama sukari, nikatazama mahindi,
kitu kikanikaba, sitakiita wivu.
Nikamuuliza: huko mahakamani, mlilitamkaje jina langu?
Ni wakili aliyelitamka, akasema, nadhani alikosea,
ile w aliimeza.

Nikamshika mkono, tukateremka hadi mpakani,
penye mashimo ya mikonge.
Sema, nikamwambia. Akasema.
La, tena, fungua mdomo.
Tukalitamka, mara tatu, mara nne, kwa sauti,
na upande wa pili, kati ya mabua,
jembe la mtu likanyamaza.